Mume Wangu Aliachia Usukani, Sasa Anataka Kulinunua Gari Lenyewe

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Korogwe, nashona nguo kwa cherehani barazani kwetu, na nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia jirani wala mchungaji, maana nikilitoa mdomoni nitamvua mume wangu nguo mbele ya mji mzima, na nikilimeza huenda likatuua. Mume wangu, nimwite Habakuki ingawa si jina lake, ni karani katika shamba la mkonge, mtu mpole, hanywi, hanipigi, lakini tangu Pasaka ile aliposimama kando ya barabara akayaona magari ya mashindano yakipita na vumbi lake, moyo wake haujarudi nyumbani. Sasa amepata alichokuwa anakitafuta: Datsun SSS, gari la mbio, lilitumika Japani, likaletwa kwa meli, likashindanishwa huku, na bwana mmoja, naye nimwite Mdoe, analiuza.

Nilimwambia, "Baba Lea, siku hizi za Ujamaa ukinunua hata pikipiki watu wanauliza umeitoa wapi, sembuse gari la mbio?" Akanijibu, "Litabeba wagonjwa. Mabasi ya Handeni si unayaona yalivyo?" Nikarudi kwenye cherehani, ingawa akiba ni yetu wote wawili.

Basi Mdoe akatupatia gari tukalijaribu mpaka Handeni, yeye mwenyewe hakuja. Kwenda tulikwenda salama, Habakuki anaendesha, leseni anayo ingawa mazoezi hana, na wakati wa kurudi, tunashuka mteremko wa changarawe unaoishia kwenye daraja jembamba, akakanyaga breki ikazama mpaka chini kama amekanyaga uji. Akakanyaga tena, hamna kitu, gari linazidi kukimbia, mimi napiga kelele "Punguza gia! Punguza gia!" naye, Mama Mshauri, aliachia usukani, akafunika macho kwa viganja, akaanza kuita "Yesu! Yesu!" Baba yangu alikuwa dereva wa trekta, alinipakata tangu nikiwa mdogo nikajua usukani, kwa hiyo sikufikiri, nilimlalia mapajani, mkono mmoja nikapindua usukani, mwingine nikavuta breki ya mkono, tukaacha barabara, tukapasua shamba la muhogo la watu mpaka tukagota kwenye kichuguu, daraja tunaliona kule chini.

Waliokuwa wanalima wakaja mbio. Mzee mmoja akamshika Habakuki mkono. "Dereva, wewe ni mwanamume! Mwingine angeshaua." Nilingoja aseme. Akafuta jasho, akasema, "Ni Mungu tu, na mikono kuzoea." Mimi nilikuwa naokota kiatu changu.

Tangu siku hiyo mji mzima unamsifu, na Mdoe anamsifu kuliko wote, anasema breki ziliingia hewa tu na ameshaitoa, na gari kama lile linataka dereva kama yeye. Habakuki ameamini. Ameanza kunisimulia hata mimi, niliyekuwa mle ndani, jinsi alivyotuokoa! Mwisho wa mwezi wanamaliza biashara, na Jumapili yake anataka kutupakia sote pamoja na mama yake, Bibi Dorkasi, twende Mashewa kwenye ubatizo. Silali. Nikisema namwaibisha, nikinyamaza watoto wangu wako kiti cha nyuma. Nifanye nini?

Mwenye hofu, Korogwe

MAJIBU

Mwanangu, marahaba, na pole. Nimesoma barua yako moyo ukinienda mbio kama nami nilikuwa kiti cha nyuma. Sasa nisikilize.

Acha kujidanganya kwamba ukimya wako ni heshima. Mumeo si mwongo wa kuzaliwa. Aliogopa, akaona haya, watu wakamfungulia mlango wa kutokea, akatoka. Wengi wangetoka. Lakini uongo huo sasa unataka kubeba abiria.

Mwambie. Si barazani, si mbele ya mama yake, wala si siku mmegombana. Mwambie chumbani, kwa sauti ya kawaida: "Uliachia usukani, nami niliushika. Sitamwambia mtu, ila watoto hawapandi." Kisha nyamaza. Akitoka, mwache atoke.

Na hilo gari! Nani kawafundisha kununua gari kwa sifa? Gari lililokimbizwa mashindanoni limeruka mashimo mengi, usilitazame rangi, litazame chini. Lipelekwe kwa fundi asiyekula na Mdoe, liinuliwe, magurudumu yatolewe, mabomba ya breki yafuatwe kwa mkono mwanzo hadi mwisho, na vyuma vya chini vikaguliwe kama vimewahi kuchomelewa. Muuzaji akisema hakuna haja, ujue haja ipo. Ulizeni na vipuri vitatoka wapi, na petroli ya kulisha kabureta mbili. Halafu mgonjwa atalala wapi mle? Wajapani hawana kosa: wao walitengeneza gari la kukimbia, ninyi mnataka gari la wagonjwa.

Akiba ni yenu wawili, basi na neno ni lenu wawili. Siku ya fundi usibaki na cherehani, nenda. Na akilinunua pamoja na yote hayo, Jumapili hiyo wewe, watoto na Bibi Dorkasi pandeni basi. Bibi akiuliza kwa nini, mwambie akamwulize mwanawe.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MAMA HUYO

Mama Mshauri, nilimwambia. Alitoka bila hata kuchukua kofia, akarudi giza limeingia, akala, akalala. Lakini siku ya kumaliza biashara akaniambia, "Vaa, twende."

Tulikwenda gereji, Mdoe naye kalileta gari, na fundi Sadala akaliinua, akaingia chini, akatuita tuchungulie. Bomba la breki lilikuwa limepasuka, likafungwa raba na waya. Vyuma vya chini vilichomelewa, vikapakwa rangi juu yake. Mdoe akacheka mbele ya watu waliojaa pale gereji: "Bwana Habakuki! Dereva kama wewe unaogopa kiraba?"

Habakuki akamtazama. Akasema, "Mimi siku ile niliachia usukani, nikafunika macho. Aliyetuokoa ni mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Mdoe akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu biashara hii ianze. Gari hatukununua. Tuliondoka kwa miguu. Njiani nikaushika mkono wa mume wangu, mchana kweupe, watu wanatazama, tukaenda hivyo mpaka nyumbani.