Sauti ya Mama kwenye Katuni

Jumatatu, 3 Juni
Kumenya kahawa tangu asubuhi. Debe sita. Mashine inakwama kila mara na hakuna wa kuitengeneza ila mimi.

Saa tano kondakta wa basi akaleta bahasha kutoka Dar. DVD. Hatimaye! Katuni ya Baba, "Bibi Mfukuza Nyani", imetolewa upya, ya kuangalia nyumbani. Hadithi ile Baba aliichora kwenye kijarida cha parokia nikiwa mdogo, baadaye ikafanywa filamu. Sauti ya Bibi ni ya Mama. Mama tulishamzika, na sauti yake haipo pengine popote ila kwenye filamu hiyo.

Baba haoni tena. Picha si kitu kwake, anangoja sauti tu. Ameomba anyolewe ndevu. Deki nimeazima kwa jirani, inakuja kesho.

Jumanne, 4 Juni
Washenzi.

Wametoa sauti ya Mama. Wameweka binti wa mjini anayebana pua. Bibi wa Kimatengo, kasimama kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, anawafokea nyani kama anatangaza sabuni. Rangi nzuri, sawa. Nani aliomba rangi?

Baba alikaa wima dakika kama tano. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Akaomba arudishwe kitandani.

Nimewapigia hao watu, namba ipo kwenye kasha. Kijana ananiita maza. Ati lafudhi ya zamani wateja hawaielewi. Ati sauti ya mwanzo wameshaifuta. Nimemwambia nitakayoyaungama Jumamosi. Hajui hata Mama aliitwa nani.

Kanda yetu ya video, ya filamu ile ya zamani, ipo Lipingo kule ziwani, kwa mdogo wangu Romanus. Naifuata.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerudi mikono mitupu.

Romanus aliifunga shambani. Kule ziwani ndivyo wanavyofanya: unavuta utepe wote kutoka kwenye kanda, unaufunga mti kwa mti juu ya mpunga, upepo unaupiga, unavuma, ndege wanakimbia. Msimu wa mwaka juzi huo. Kumebaki vipande viwili, vimepauka, ukivishika vinakatika.

Nilimtukana mbele ya mkewe na watoto. Mpumbavu. Mlafi. Umemzika Mama mara ya pili kwa ajili ya mpunga. Aliniletea kiti, akangoja nimalize.

"Dada, wewe ndiye uliyenipa. Ulisema nikuondolee boksi la makorokoro, linakujazia chumba."

Ni kweli. Nilisema hivyo hivyo. Nilitaka nafasi ya magunia ya kahawa. Hilo boksi sikulifungua hata kuchungulia.

Wifi alinifungia mbasa, samaki wa ziwani, wa kumpelekea Baba. Nikakataa, nikaondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima ya kupanda kurudi nyumbani Mbinga najichukia. Nilikuwa radhi gari lizime.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwambia Baba yote, na boksi pia. Nilitaka anifokee. Angenifokea ningepata ahueni. Alisema "Basi", akageukia ukutani. Chai hajaigusa. Uji hajaugusa.

Nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya kahawa. Halafu nikainama kuokota, punje moja moja, mtu mzima na akili zangu. Kuungama sikwenda. Ningesema nini.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa nimemtoa Baba sebuleni. Hakutaka. Nikamlazimisha. Nikaweka ile diski yao, nikazima sauti kabisa, nikasimama pembeni ya runinga.

Nikaanza kusema mimi. Maneno ninayo. Mama alikuwa akiyakariri jikoni akikoroga ugali, mimi ndiye niliyekuwa nyani wake. Mwanzo yalitoka vibaya, kwa hasira, na yale matusi ya Kimatengo waliyoyaondoa nikayarudisha yote. Baba ameweka mikono magotini. Nikaona najiaibisha. Nikaendelea.

Bibi alipofika juu mlimani na fimbo yake, Baba akainua kidole.

"Hapo mama yako alikohoa."

Nikakohoa.