Mshono wa gunia kwenye mkeka wa mama

Winfrida ndugu yangu, uko hewani? Mama analia, na mimi ndiye niliyemliza.

Si unajua hospitali walimwekea lenzi ndani ya macho, baada ya uzee kumnyang'anya kuona vya karibu? Leo nimemrudisha kwake Chinongwe. Hajakaa, hajanywa hata maji, anataka mkeka wake. Ule aliouacha katikati baba alipofariki.

Kauinua mpaka usoni. Halafu: "Huu mshono si wangu."

Mkeka mzima, Winfrida! Kila alipokosea pamefumuliwa, pakashonwa upya kwa mshono wa kufungia gunia la korosho. Na kwetu nani alikuwa anafunga magunia kama si baba?

Unamkumbuka mama alivyokuwa anamuuliza, "Mume wangu, mshono umenyooka?" Naye anajibu bila hata kugeuka, "Mikono yako haikosei." Haikosei! Kumbe mama akienda shamba, mzee anashika sindano.

Mimi na kiherehere changu nikasema, "Lete mama nikufumulie, ushone vizuri, si sasa unaona?"

Kanipiga kofi la mkononi. Mimi, mtu mzima na wajukuu wangu!

Kaukumbatia mkeka. Akawa anapitisha kidole kwenye ule mshono wa baba, taratibu, mpaka mwisho. Ndipo akaangua kilio.

"Mbona umepinda kuliko wangu? Kumbe na yeye alikuwa haoni, na hakuniambia."