Ng'ombe Aliowakana Mkutanoni Sasa Ananituma Nikawalete

Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapigana na mtu, maana hasira niliyonayo hata chakula hakipiti. Mimi ni mtu wa Kasulu, shule niliishia darasa la tano, nachunga ng'ombe wa watu hapa Mgori na nyumbani sijakanyaga tangu tumzike mama. Tajiri yangu nitamwita Mzee Melkizedeki, siyo jina lake. Ujira wangu ni mtamba mmoja, hajazaa bado, yumo kwenye boma lake, na huyo ndiye mali yangu yote duniani.

Mwaka huu alikuja mama mmoja, Daktari Marietha, siyo wa hospitali wala wa mifugo, ni daktari wa hesabu kutoka chuo kikuu. Watu walicheka, hesabu na ng'ombe wapi na wapi. Akapanga punje za mahindi chini, kila punje boma moja, akachora mistari kati yake, akasema homa ya mapafu ya ng'ombe haitembei ovyo, inafuata njia za ng'ombe wenyewe, kwa hiyo akijua nani ameweka ng'ombe kwa nani, kompyuta yake itakokotoa ugonjwa ukizuka sehemu utaingia wapi kwanza, na chanjo, kwa kuwa haiwatoshi wote kwa mara moja, ianzie huko. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini aliuliza mkutanoni, watu wote wamekaa wanasikiliza, na huku mwenye ng'ombe wengi hawaweki boma moja, anawagawa kwa marafiki na wakwe, wale wanakamua, ng'ombe wanabaki wake, na jambo hilo halitangazwi. Mzee akasimama akasema, "Mimi ninao hawa mnaowaona. Kwingine sina hata mkia." Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikanyamaza, kwa sababu mgeni ukisema unaulizwa umetumwa na nani.

Sasa homa imezuka Mtinko, ambako Mzee ana kundi zima kwa rafiki yake Ezekieli. Mtinko wamefungiwa, mifugo haitoki. Na hesabu ya Daktari, kwa kuwa haikuona mstari wowote wa Mtinko kuja kwetu, imetuweka mwisho kabisa wa chanjo. Watu wale wale wanasema kilabuni, "Mnaona? Kompyuta haijui kitu." Hapo ndipo ninapotaka kupiga mtu. Tumedanganya wenyewe, halafu hesabu ndiyo mwongo!

Daktari naye ananiudhi. Juzi alirudi akaniambia, "Kaka, matokeo yangu yananisumbua. Lambo lenu linakauka haraka kuliko hao ng'ombe mlionitajia wanavyoweza kunywa. Kuna wengine wanakuja na kuondoka. Wewe ndiye unayechunga, niambie." Nikamjibu, "Wewe ukishajua utapanda gari uende zako. Mimi nitalala wapi?" Akanipa namba yake ya simu.

Jumatatu Mzee akaniita. "Jumamosi nenda Mtinko, uniletee wale ng'ombe kwa njia ya msituni. Kizuizi kiko barabarani tu."

Nikasema, "Mzee, wale wanaweza kuwa na homa."

"Anakohoa mmoja, na ni vumbi. Wewe Muha ulifika hapa na kandambili za rangi mbili, leo unanifundisha ng'ombe? Usipoenda, mtamba wako ukamdai kwa huyo mama yako wa punje."

Mkewe, Mama Joyce, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Jirani yetu Yustina ni mjane, ng'ombe wake wawili wa maziwa wananywa lambo hilo hilo. Niende, au nikatae nipoteze jasho langu lote?

Mchunga Ng'ombe, Mgori

Mchunga ng'ombe, marahaba, na pole. Hasira yako ni ya haki, ila umeigawa vibaya. Daktari alikosea kumuuliza mwanamume mali yake mbele ya wakwe zake, kama anayeuliza bei ya nyanya. Lakini alirudi mwenyewe kusema matokeo yake hayamridhishi. Angekuwa hajali angeshayachapisha akalala. Hesabu yake inafanya kazi na kile mlichoipa. Mliinyima ng'ombe, nayo ikawanyima chanjo. Na wewe unasema mgeni hana mdomo. Ule wa kumjibu mama wa watu kwa jeuri uliupata wapi?

Sasa nisikilize. Ukiwaleta hao ng'ombe, utawaingiza boma gani? Lile lile alimo mtamba wako. Homa haitauliza huyu ni wa Muha au wa Mnyaturu. Yustina naye atazika wake bila hata kujua walikufa kwa nini. Halafu fikiria ukikamatwa msituni. Mzee alishasema mbele ya kijiji kizima kuwa hana hata mkia kwingine. Unadhani polisi wakimwita atasema ni wake? Atakayekuwa na ng'ombe wasio na mwenyewe na fimbo mkononi ni wewe.

Kwa hiyo Jumamosi huendi. Leo mpigie Daktari, mwambie kuna mstari kati ya Mtinko na Mgori, basi. Usimtajie idadi wala jina, mstari huo unatosha kuwavuta mbele kwenye chanjo. Mwambie pia mara nyingine aende boma kwa boma, aongee na mtu peke yake. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, aandike kwamba mtamba ni ujira wako, na waliokuwepo ulipopewa wathibitishe. Baada ya hapo mkabili Mzee, mwamkie kama kawaida, umwambie, "Mzee, Mtinko siendi." Usiongeze neno. Ukianza kujieleza atakushinda.

Akikufukuza, beba nguo zako utoke, ila mtamba usimguse mpaka achanjwe. Najua inauma kuacha mali yako yote kwenye boma la mtu aliyekutukana. Mwache hivyo hivyo. Ukimswaga kwa hasira kumpeleka kwingine, na huenda homa anayo tayari, utakuwa umefanya kile kile ulichokataa kutumwa.