Chupa Moja ya Matone

Jabe, Bujumbura
Ijumaa, baada ya sala

Kaka yangu mpenzi Talal,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe, wifi yangu Ruqaya na watoto. Sisi huku tunapumua. Mvua haikatiki, Mama anakusalimu sana, na dukani vitenge vinakwenda polepole. Ninayekuandikia habari zake ni Baba, na nitakueleza yote ingawa mkono unakataa.

Unajua kwamba ni mimi ninayempima Baba presha ya macho kila mwezi pale kliniki. Naweka dawa ya ganzi, anaegemeza kidevu kwenye mashine, ncha yenye mwanga wa buluu inagusa jicho, nasoma namba. Mwaka mzima namba zilikuwa nzuri: kumi na sita, kumi na tano, kumi na saba. Wasiwasi wetu huanza ikipita ishirini na moja. Daktari alisema wagonjwa wote wa glakoma wangekuwa kama mzee huyu, yeye angelala usingizi.

Lakini Baba alikuwa anapofuka. Alimimina chai nje ya kikombe. Alipishana na Mama sokoni, upande wa kushoto, asimwone. Nilichoka, kaka. Nikailaumu mashine, fundi akaikagua, akasema haina kasoro. Nikayalaumu matone yake ya kushusha presha, nikagombana na Prudence wa farmasi, mtu asiye na kosa, kwamba anatuletea maji. Nikamlaumu na Baba, kwamba hafumbi macho vizuri baada ya kutia dawa. Yeye alinijibu kila mara kwamba amesikia.

Jumanne ya wiki iliyopita niliazima kipimo kidogo cha mkononi, nikampima nyumbani bila kumpa taarifa. Jicho la kulia, thelathini na nne. La kushoto, thelathini na nane. Nikarudia mara tatu. Nikamwuliza chupa ya matone iko wapi. Akasema iko kwa Yahaya.

Yahaya yule yule, fundi saa anayekaa kwenye baraza la duka letu tangu sisi wadogo. Naye ana glakoma. Matone yamekuwa adimu mno mjini. Kliniki inapata chupa chache, na kila aliye kwenye orodha anapewa moja kwa mwezi. Baba alikuwa anapokea yake na kumpa Yahaya. Siku tatu kabla ya kupimwa anaiazima, akisingizia yake imekwisha, anatia, namba zinashuka, halafu anairudisha.

Nilimwuliza kwa hasira kwa nini anidanganye mimi, binti yake na muuguzi wake. Akanijibu taratibu kwamba kitenge anaweza kukiuza kwa kupapasa, lakini saa haitengenezwi kwa kupapasa.

Nikaenda kwa Yahaya kuichukua chupa, nimejaa maneno. Kabla sijafungua mdomo aliitoa kwenye leso yake.

"Binti Nura, Mungu akulipe," akasema. "Mi najua hii dawa iko nguvu kupata, haionekane mu mji. Muzee ananiambia ni we unanitumiaga kila mwezi, na yake iko nyumbani. Apana, siwezi kukusahau mu dua zangu."

Nilimpima kwa kile kipimo kidogo. Kumi na nne, macho yote mawili. Nikamrudishia chupa yake, nikaondoka.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, Yahaya alikuja kliniki kuomba aandikwe kwenye orodha. Nafasi ilikuwepo. Niliogopa orodha ikirefuka ipo siku Baba atakosa chupa, nikamwambia imefungwa. Akashukuru, akaenda zake. Baba alikuwa amekaa nyuma ya pazia, akisubiri zamu yake, na sasa najua alisikia yote. Hakunigombeza hata kidogo. Alikwenda tu akampa chupa yake, na kumwambia imetoka kwangu.

Daktari anasema jicho la kushoto ndiyo basi. La kulia litapasuliwa Alhamisi ijayo, na kwa sasa anameza vidonge vya kushusha presha. Amekubali kwa sharti moja, nisimwambie Yahaya neno. Juzi Jumatano niliandika jina la Yahaya kwenye orodha. Haikunichukua hata dakika mbili. Jana alikuja kumjulia Baba hali, akanisifu mbele ya majirani na kuniombea dua. Watu wakaitikia amina, na sauti ya Baba ilizidi zote. Mimi nimesimama na sinia ya chai, sijui pa kutazama.

Naipiga picha barua hii nikutumie kwa simu, ikuwahi. Ukipata ruhusa kazini, njoo kabla ya Alhamisi, akuone angali anaona. Ukifika usinifariji, kaka. Nigombeze, maana huku hakuna anayetaka.

Wabusu watoto, na wifi mpe salamu zangu nyingi. Mungu atukutanishe kwa heri.

Mimi mdogo wako,
Nura binti Hamoud