Uliyetupeleka Wote Mbele ya Jaji

Dada Riziki,

Hukumu imetoka, nawe hupo. Nakuandikia kabla sijavua hata viatu.

Jaji amesema krimu ile ya kung'arisha ngozi ilikuwa na sumu. Amesema kwa ajili yetu sote, si mmoja mmoja. Unakumbuka mwanzoni? Kila mwanamke alikuwa na faili yake na tarehe yake, akienda na kurudi peke yake. Wakili wa kiwanda kilichoitengeneza alitaka tubaki hivyo. Eti ngozi hazifanani, kila mtu athibitishe lake. Avoka wetu, wakili wa upande wetu, akaomba faili ziunganishwe: swali la sumu lijibiwe mara moja kwa wote, kisha madhara ya kila mmoja yapimwe kivyake. Jaji akakubali.

Lakini bila wewe, nani angetukusanya?

Mimi nilikuchukia, Dada. Krimu niliinunua kwenye kibanda chako hapa Ngagara, na mashavu yangu yalipoungua nilikuita mchawi mbele ya wateja. Kesho yake ukaja kwangu. Uso wako mwenyewe ulikuwa umejaa mabaka. Ukasimama mlangoni, ukasema, "Mi ndiye nilikuuzia. Usinisamehe kwanza. Twende tutafute wengine." Tukatembea mpaka Gatumba, ukibisha kila mlango na kukiri upya. Wengine walikufungia. Mmoja alikumwagia maji. Ulijipangusa, ukabisha mlango wa pili.

Siku ya ushahidi wako, wakili wao alikuuliza kwa kejeli kama si wewe uliyeuza. Ukajibu, "Ni mi. Muniandike wa kwanza. Kisha mumuandike mwenye kuitengeneza."

Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Sijawahi kuona mtu mfupi akiwa mrefu vile.

Figo zako, zilizoharibiwa na sumu ile ile, hazikusubiri hukumu. Leo karani alisoma jina lako, akaongeza "marehemu," na wanawake wote tukasimama bila kuambiwa. Jaji alingoja mpaka tukakaa. Nililia, ndiyo, lakini kichwa sikukiinamisha.

Pumzika sasa. Jumatatu daktari anaanza kutupima. Kuna bibi anayeogopa hospitali. Nimemwahidi nitamshika mkono. Nawe nakuahidi hili: binti yako akikua, akaniuliza mama yake alikuwa nani, sitamficha kwamba uliuza. Nitamweleza na ulichofanya baadaye, tena polepole, asikose hata neno.

Rafiki yako,
Mwajuma