Vioo vya Mtaa wa Chini

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini chai anaimaliza. Natumaini nawe u mzima na kiti cha ofisini hakijakuumiza mgongo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako nimeifuta kwenye simu tangu siku ya mkutano, na sina mpango wa kuirudisha.

Nilikuona meza ya mbele, kando ya Meneja wa Bodi ya Matuta, na miwani yako, ukitusomea kwamba kila nyumba itapimwa thamani, na kwa kadiri ya thamani hiyo tutalipa tozo ya kuliinua tuta la mto na kulitunza kila mwaka. Tuta lile Baba alilishindilia kwa miguu yake. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu walitoka na majembe. Leo binti yake anatuletea bili. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nasikia wewe ndiye mthamini utakayepita mtaani kwetu. Karibu. Andika utakachokiona.

Kaka yako

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama apewe dawa baada ya chai, si kabla.

Hizo Jumamosi za majembe unazozililia, mara ya mwisho ulitoka lini? Nilipita juu ya tuta juzi. Kipande chetu kina mashimo ya panya, nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Jirani yako seremala amechonga ngazi humohumo tutani ili ashukie mtoni bila kuzunguka. Na jembe la Baba unalitumia kuzuia mlango wa karakana yako usijifunge. Majembe yalipoacha kutoka ndipo tozo ilipoingia. Usinisingizie mimi.

Nitakuja tarehe mbili Machi. Sitakuja kama ndugu, kwa hiyo msinichemshie chai.

Mdogo wako

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama nilimsalimia jana. Wewe ulijifungia karakanani, nikasikia redio.

Nyumba arobaini na moja, na hakuna dirisha hata moja lenye kioo! Mifereji ya mvua imeshushwa, rangi imekwanguliwa. Kwa mwalimu mstaafu kuku wanatagia kwenye kochi. Na Mama nimemkuta amejifunika blanketi mbele ya tundu la dirisha, ananiambia, "Kaka yako kaenda kuviosha." Mtaa ule una fundi vioo mmoja tu anayeweza kutoa vyote hivyo bila kupasua kimoja. Umemweka mama yetu kwenye upepo ili upunguziwe tozo. Nimeona aibu kuwa ndugu yako.

Nimeandika nilichokiona, kama ulivyotaka. Lakini sikiliza. Daftari lile la thamani za nyumba halitumiki kwa tozo tu. Bodi hulisoma pia inapoamua tuta jipya lipite wapi, kwa sababu hailindi mali yenye thamani ndogo kuliko gharama ya udongo. Virudishe vioo kabla mwezi haujaisha, nije nipime upya.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, sijaiitikia.

Unanitisha. Tuta lina miguu? Litahamia wapi? Limekaa pale tangu sisi hatujazaliwa. Sema tu Meneja kakutuma.

Ndiyo, vioo nilivitoa mimi, siku nne, na kila kimoja nimekiandika namba ya nyumba na ya dirisha. Vimesimama karakanani, magazeti katikati, hata kona haijamegeka. Mtaa mzima unanisalimia kwa mikono miwili sasa. Wewe nani anakusalimia?

Mama yuko salama. Dirisha lake nimelizibia nailoni.

Kaka yako

2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi si mzima, silali vizuri.

Ramani imetoka. Tuta jipya halipiti mtoni. Linapita nyuma ya shule. Mtaa wa chini wote, nyumba yetu ikiwemo, umeachwa upande wa maji, na tuta la zamani halitatiwa hata toroli moja la udongo. Hesabu zimesema nyumba zenu hazifikii gharama. Hesabu hizo zimetoka kwenye daftari langu, na daftari langu limetoka kwako.

Iko njia moja. Wenye nyumba wote wasaini fomu niliyoiambatanisha, wakiri kwamba walificha hali ya nyumba zao na kwamba watalipa tozo kwa thamani ya kweli. Mwisho ni tarehe thelathini Mei. Niletee mimi, mkononi. Usimpelekee Meneja, anaanza likizo tarehe ishirini na bahasha zake hazifunguliwi mpaka arudi.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anakohoa usiku pia sasa. Hilo ni langu, usilirudie.

Nimepita nyumba zote arobaini, na kila mlango nimesema mwenyewe: niliwadanganya, nimejipalia makaa na ninyi nimewapalia. Seremala alinifukuza mara mbili. Mke wa mwalimu alisaini, kisha akanitemea mate kwenye kiatu. Wote wamesaini, na wa arobaini na moja ni mimi.

Lakini mkononi mwako siweki kitu. Mkono huohuo ndio uliotuandika kuwa hatufai. Eti Meneja yuko likizo! Unataka ipite kwako ili uichane. Leo nimeituma kwa jina lake, kwa posta, na risiti ninayo.

Kaka yako

18 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Meneja alirudi tarehe kumi na sita. Bahasha yako ilikuwa ya tatu kutoka chini. Nilisimama mezani kwake nikiomba mpaka karani akaniletea kiti. Amesema tarehe ni tarehe. Vigingi vya tuta jipya wanavipiga wiki ijayo, nyuma ya shule, kama ilivyochorwa.

Nimekukasirikia mpaka nimechoka. Ungenipa mkononi, Kaka. Dakika tano tu, kutoka kituo cha basi mpaka mezani kwangu.

Jumamosi nitakuja na gari kumchukua Mama kabla ya mvua. Na wewe njoo. Chumba ni kimoja, utalala sebuleni. Sijakusamehe, lakini njoo.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Samahani sikutoka kukuaga Jumamosi. Nilikuwa juu ya ngazi kwa seremala, nikaliona gari likikata kona, na Mama ameweka blanketi magotini. Mpe dawa baada ya chai. Najua unajua.

Siji. Nilivitoa vioo vya watu kwa mikono hii, siwezi kuondoka nikawaachia matundu. Kwa namba zangu nakwenda vizuri, nyumba sita kwa siku. Hakuna anayenisalimia, ila milango wananifungulia. Ikifika Jumamosi ya kwanza nitatoka na jembe la Baba. Mashimo ya panya nimeyahesabu, kumi na saba kwenye kipande chetu peke yake.

Kwetu nimemaliza jana. Dirisha la chumba chako nililiacha la mwisho, nikakifuta kioo mara mbili. Ukisimama pale unaona mto wote. Umeshapanda, mdogo wangu, na mvua bado.

Kaka yako