Damu Iliyorudi Baada ya Miaka Tisa

Mama yangu,

Mwezi huu nimetimiza mwaka mzima bila kuona siku zangu. Mtu niliyetaka kumwambia kwanza ni wewe, na wewe umelala nyuma ya migomba yetu Ndandalo, mwaka wa ishirini na mbili huu. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyovunja ungo? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunapalilia mpunga, maji yametufika magotini. Nikahisi kitu kinateremka pajani, nikajua ni ruba. Nikapandisha gauni nimbandue, nikakuta damu, ruba hayupo. Nikakuita. Ulikuja mbio ukikanyaga mpunga wako mwenyewe, wewe uliyekuwa ukitugombeza tukivunja hata mche mmoja. Ukatazama, ukasema, "Si ruba, mwanangu. Umekua."

Ukafungua kitenge chako kiunoni ukanifunga mimi, ukarudi nyumbani na gauni lililokulowea mwilini, ukiwaitikia watu njiani kama kawaida. Ukanionyesha namna ya kukunja kipande cha kanga na namna ya kukifua. Jioni ukanikaangia yai, mimi peke yangu, kaka zangu wakauliza kwa nini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mwaka uleule siku zako wewe zilikuwa zimeanza kuyumba. Ulikuwa na hamsini na moja. Kyela kila mtu analalamika joto, kwa hiyo ulipolalamika hakuna aliyekusikia. Ulikuwa unalala sakafuni mchana, shavu juu ya saruji. Ulikuwa unagomba kwa ajili ya chumvi, halafu unaingia chumbani kulia. Sisi tulisema, Mama siku hizi amekuwa mkali. Nami nilikuwa na chunusi na hasira zangu, matiti yananiuma, sitaki mtu aniguse. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama watu waliokoseana.

Halafu ile siku ya Lyulilo, ufukweni mwa ziwa. Tulikwenda sokoni kununua chungu. Mama mmoja muuzaji alikuwa bado anashusha vyungu kwenye mtumbwi, wewe unagonga kimoja kwa kidole usikie kama kina ufa, mara jasho likakutoka usoni likadondoka ndani ya chungu. Ukakiweka chini, ukakaa mchangani mbele za watu wote, ukalia. Watu wakageuka. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Binti, huyu ni mama yako?"

Nikasema, "Hapana. Tumekutana tu njiani."

Nikaondoka, nikasimama kwa wauza samaki kama ninachagua. Najua ulisikia. Wakati wa kurudi ulijitwisha chungu mwenyewe, hukunipa nikusaidie, na ulisema neno moja tu: "Mwili wangu unanifanyia mambo nisiyoyaelewa." Hata pole sikukupa.

Nilipofika miaka kumi na mitano siku zako zikakoma kabisa, nawe ukatulia. Ukarudi kwaya, ukacheka tena. Tulikuwa marafiki miaka ile, Mama. Naishika sana hiyo.

Nikaolewa Mwaya, nikawa nauza dukani kwa mume wangu. Siku moja ukaja kunitembelea. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Wateja walipoondoka ukainama juu ya meza ya duka, ukaninong'oneza huku unatabasamu, "Siku zangu zimerudi. Nimekuwa msichana tena."

Tulicheka mpaka ukashika mbavu. Nikakutania kwamba Baba ajiandae. Nikageuka, nikachukua pakiti ya pedi rafuni, nikaifunga kwenye gazeti nikakupa. Ukasema, "Ndaga fijo, mwanangu," kama unavyoshukuru kila kitu. Mwezi uliofuata nikakutumia nyingine. Na uliofuata. Miezi minane nilikuwa nakutumia pedi, Mama, najiona mtoto mwema.

Ulipoanza kukonda na kushika kiuno ndipo tulipokupeleka hospitali. Daktari aliuliza hedhi yako ilikoma lini. Tukasema miaka tisa kabla ya damu hii. Akaweka kalamu chini. Akatueleza taratibu, bila kutulaumu, kwamba damu ya mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi si siku zake kurudi, hata ikiwa matone mawili, na kwamba ni ya kukimbiziwa hospitali siku ileile. Yako ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imesambaa.

Ulinishika mkono siku zile za mwisho ukasema, "Usiwaambie akina mama wa kanisani ni ya huko. Sema ni tumbo." Nikakuahidi. Msibani nikasema tumbo. Miaka yote nimesema tumbo. Hata mtoto wangu Tumpe, ambaye hukumwona, alijua bibi yake alikufa kwa tumbo.

Sasa zamu ni yangu. Joto linanipanda kuanzia kifuani nikiwa napima sukari, mteja ananitazama. Usiku sipati usingizi, asubuhi machozi ya bure. Nilikwenda kupima, na Tumpe, ana miaka kumi na minne, akanisindikiza. Nesi akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua saratani. Nilifungua mdomo niseme hapana. Kisha nikamtazama mtoto, nikasema, "Mama yangu. Ya shingo ya kizazi."

Nisamehe, Mama, nimekuvunjia ahadi. Sikuweza kumficha yeye jambo ambalo kutolijua kulikuua wewe.

Mimi sina tatizo, wamesema, ni umri tu. Tukarudi. Karibu na nyumbani Tumpe akauliza, "Damu ilipoanza, kwa nini hukumpeleka?"

Nilimwambia sikujua. Ni kweli, Mama, sikujua. Lakini nilipolisema kwa sauti nikasikia jinsi lilivyo dogo, na mtoto naye akalisikia, akaacha kuuliza.

Lala salama. Na lile la Lyulilo, nililomjibu yule mama, nalifuta leo: ndiyo, huyu ni mama yangu.

Ni mimi,
kitindamimba wako